Paneli Ielekee Mlimani: Umeme wa Jua Majumbani Wakati wa Kipupwe

Mazungumzo kwa wakazi wa ukanda wa juu wanaotumia umeme wa jua. Yameandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini.



Kila mwaka masika yanapokwisha na mwezi wa Juni kuingia, lalamiko la aina moja husikika kuanzia Kibosho na Uru hadi Kilema na Marangu: sola imeharibika. Taa zilizowaka hadi saa nne za usiku mwezi wa Januari sasa zinafifia saa mbili. Redio inakatika katikati ya taarifa ya habari. Mwenye nyumba hupanda juu ya bati, akaitazama paneli, asione ufa wala waya uliokatika, akashuka na jibu ambalo limekuwa la kawaida huku mlimani: paneli imepata baridi.

Jibu hilo si sahihi, na kosa lake lina gharama. Anayeamini kwamba baridi imeharibu paneli hununua nyingine ambayo pengine hakuihitaji, au hukata tamaa na kungoja Septemba, huku betri yake, ambayo ndiyo inayoumia kweli, ikifa polepole ndani ya nyumba.

Ukweli ni kwamba paneli hupenda baridi. Silikoni inayogeuza mwanga kuwa umeme hupimwa kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi, na namba iliyoandikwa nyuma ya paneli, iwe wati 50 au wati 100, ni ya hali hiyo. Joto likizidi hapo, kila nyuzi moja hupunguza uwezo wa paneli kwa takriban asilimia 0.4. Paneli iliyolazwa juu ya bati katika tambarare ya Kahe mchana wa Februari inaweza kufikia nyuzi 60, na kwa joto pekee ikawa imepoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake. Paneli ya Kibosho mwezi wa Julai haina hasara hiyo. Jua likichomoza ghafla kati ya mawingu, paneli iliyopoa hufanya kazi kwa nguvu ambayo mwenzake wa tambarare haifikii, ingawa ni kwa dakika chache tu.

Tatizo, basi, ni wingu. Upepo wa kusi unaotoka baharini hukutana na mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka kuwa wingu linalotanda juu ya vihamba na msitu. Wageni wanaopanda mlima kwa njia ya Marangu katika miezi hii hulishuhudia jambo hilo kwa macho. Huanza safari ndani ya ukungu na manyunyu, lakini mara nyingi wafikapo Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, hukuta jua kali, na wakitazama nyuma huona wingu limetandazwa chini yao kama bahari. Jua halikwenda popote. Liko juu ya dari, na mkazi wa kihambani anaishi chini ya dari hiyo.

Mwanga unaopenya wingu bado ni mwanga, na paneli huutumia. Ndiyo sababu taa ya kuchaji haizimiki kabisa hata siku ambayo mlima hauonekani. Ila ni mwanga mchache. Siku ya wingu zito paneli hutoa kati ya sehemu moja ya kumi na robo ya kile ambacho ingetoa jua likiwa wazi. Wingu jembamba hupunguza kidogo zaidi ya hapo, au kidogo sana. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya Jumanne iwe nzuri na Jumatano iwe mbaya, na kuwafanya majirani wawili wenye vifaa sawa wabishane.

Hapa ndipo panapohitajika tahadhari juu ya ushauri unaotoka mbali. Familia nyingi za Moshi zina watoto au ndugu Ulaya, na ndugu hao hutuma paneli, vitabu vya maelekezo na video za mafunzo. Baridi ya kule ni jambo jingine kabisa. Mchana wa Desemba jijini London haufikii saa nane, na jua la adhuhuri huinuka nyuzi 15 tu kutoka upeo wa macho. Hapa Moshi, karibu na nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, mchana wa Juni unapungukiwa na dakika chache tu kufikia saa 12, na jua la adhuhuri huwa juu kwa nyuzi zipatazo 63. Anayeishi Ulaya anapungukiwa na mchana wenyewe. Anayeishi Uru mchana anao, ila umefunikwa.

Kosa kubwa zaidi linaloletwa na vitabu hivyo ni la mwelekeo. Huko kaskazini mwa dunia jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo kila maelekezo husema: elekeza paneli kusini. Mafundi kadhaa wamelifuata neno hilo bila kulipima, na zipo nyumba ambazo paneli zake zimeupa mlima kisogo na kutazama Kahe. Lakini Moshi, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Misimu miwili yenye mawingu mengi, yaani mwisho wa masika na kipupwe chote, imo ndani ya miezi hiyo. Kwa mkazi wa Wilaya ya Moshi kaskazini ndiko uliko mlima. Paneli ielekee mlimani.

Faida yake inahesabika. Juni 21 jua la adhuhuri huwa limeinama upande wa kaskazini kwa nyuzi zipatazo 27 kutoka utosini. Paneli iliyoinamishwa nyuzi 15 kuelekea kaskazini hupokea miale hiyo karibu moja kwa moja. Paneli ileile ikiinamishwa nyuzi 15 kuelekea kusini hupokea miale kwa mshazari na kukosa karibu robo ya nguvu ambayo mwenzake inapata saa hiyo. Siku ya wingu zito, na haki isemwe, mwelekeo haubadilishi mambo mengi, kwa kuwa mwanga hutoka kila upande wa anga. Lakini kipupwe kina vipindi vya jua, mara nyingi mchana au alasiri, na kwa nyumba yenye saa moja au mbili za jua kwa siku, robo ya saa hizo si kitu cha kuachia kitabu cha Ulaya.

Wapo wanaohofia kwamba mlima wenyewe utakinga jua. Hofu hiyo haina msingi. Kutoka Moshi mjini kilele cha Kibo, pamoja na mita zake 5,895, huonekana kikiwa nyuzi zisizofikia 10 juu ya upeo wa macho, na jua la adhuhuri la Juni lipo mbali juu yake. Jambo jingine ni kwamba usemi huu wa mlimani ni wa upande wa Moshi peke yake. Aliye Rombo mlima wake uko magharibi, na aliye Siha uko mashariki. Wote hao watafute kaskazini ya kweli.

Kuitafuta ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Dira ya simu hudanganyika ikiwa karibu na bati au nondo, kwa hiyo isitumiwe juu ya paa. Kijiti kilichonyooka kinasimikwa wima uani siku yenye jua, na kivuli chake kinatazamwa saa sita na nusu mchana, si saa sita kamili. Saa ya Tanzania inafuata mstari ulio mashariki ya nchi, kwa hiyo adhuhuri ya Moshi huchelewa kwa zaidi ya nusu saa. Katika Julai kivuli hicho kitaanguka kusini. Upande ulio kinyume cha kivuli ndiko paneli itazame. Kwa paneli yenye urefu wa mita 1, ukingo wake wa kusini ukiinuliwa sentimita 26 kuliko ule wa kaskazini, mwinamo wa nyuzi 15 umepatikana. Mwinamo huo una kazi nyingine pia: paneli iliyolala bapa haioshwi na mvua, na katika unyevu wa ukanda wa juu ukingo wake wa chini huota ukoga unaofunika safu nzima.

Kuhusu kivuli, kihamba kina tabia yake. Nyumba ya Mchagga imezungukwa na migomba, kahawa chini yake, na juu yake miringaringa, migrevilea na siku hizi miparachichi. Ni mpangilio uliolisha watu kwa vizazi vingi, na hakuna anayetakiwa kuukata kwa ajili ya paneli. Lakini vipande vya ndani ya paneli vimeunganishwa mfululizo, kama watu wanaopokezana ndoo: mmoja akilala, mstari wote husimama. Jani moja pana la mgomba likifunika kona ya paneli huweza kuondoa nguvu nyingi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Tena, paneli iliyofungwa Januari, jua likiwa kusini, haikuonyesha kivuli cha mti ulio upande wa kaskazini wa nyumba. Kivuli hicho huja Juni, na mti nao umeongezeka kimo. Kupogoa tawi moja, au kuhamisha paneli mita 3 kwenye paa lilelile, kumefufua sola nyingi zilizodhaniwa zimekufa. Kazi hiyo isifanywe bati likiwa na unyevu. Manyunyu ya Julai yanateleza kama sabuni.

Sasa hesabu ya nyumba. Chukueni mfano wa nyumba ya kihambani yenye paneli ya wati 50 na betri ya volti 12, ampea-saa 40. Siku njema ya Januari huwa na jua linalolingana na saa 5 za jua kamili. Hamsini mara tano ni wati-saa 250, na baada ya kutoa upotevu wa waya, kidhibiti chaji na betri yenyewe, hubaki takriban 175. Nyumba hiyo ina taa 3 za wati 3, kila moja ikiwaka saa 4: jumla 36. Redio ya wati 5 kwa saa 4: 20. Simu mbili: 20. Televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa 4: 80. Jumla ni wati-saa 156, na nyumba inalala na akiba.

Julai ikishuka hadi saa 2 na nusu za jua kamili, mavuno huwa chini kidogo ya wati-saa 90. Matumizi yakibaki 156, kila siku inakopa karibu 70 kutoka kwenye betri. Betri ile ina wati-saa 480, lakini ya risasi na asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani 240. Deni la 70 kwa siku humaliza 240 kabla ya siku ya nne kuisha. Hicho ndicho kinachotokea ndani ya nyumba ambazo mwenyewe husema, «Ilianza vizuri Jumatatu, Alhamisi ikakataa.» Hakuna kilichoharibika siku ya Alhamisi. Akiba iliisha.

Na hapo ndipo madhara ya kweli huanza. Kidhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita kontrola, kimewekwa ili kukata umeme betri inapokaribia kwisha. Kikikata saa mbili za usiku mtoto akiwa na daftari mezani, mzazi humwita kijana wa jirani mwenye ujuzi kidogo. «Baba, hii kontrola ndiyo inayokubania,» husema kijana, na kuunganisha taa moja kwa moja kwenye betri. Taa zinawaka. Nyumba inafurahi. Betri inashushwa chini ya kiwango chake usiku huo, na usiku wa pili, na siku za wingu hazirudishi kilichotolewa. Betri ya risasi ikikaa tupu kwa wiki kadhaa, chumvi ya salfeti hugandamana juu ya bamba zake na kuwa ngumu. Septemba jua likirudi, paneli inazalisha kama kawaida lakini betri haipokei. Mwenye nyumba anahesabu kwamba sola imekufa kwa baridi. Imekufa kwa waya mmoja uliopitishwa pembeni ya kontrola mwezi wa Julai.

Dalili huonekana mapema kwa anayepima. Alfajiri, kabla paneli haijapata mwanga na taa zote zikiwa zimezimwa kwa saa moja au zaidi, kipimo cha volti kikisoma 12.7, betri imejaa. Kikisoma 12.2 imefika nusu, na huo ndio mpaka. Kikisoma 11.8 betri iko hatarini, na hakuna cha kuwasha hadi ijazwe. Betri za lithiamu zina ulinzi wake wa ndani na huvumilia zaidi kukaa bila kujaa, ila bei yake si ya kila nyumba.

Dawa ya wiki za wingu ni kupunguza matumizi kabla betri haijalazimisha. Katika mfano ule ule, televisheni ikipumzishwa, matumizi hushuka hadi wati-saa 76, na hata mavuno ya Julai yanatosha na kubakiza kidogo. Simu zichajiwe mchana jua linapopenya, kwa kuwa umeme unaotumika palepale haupotei kwa kuingia na kutoka kwenye betri. Nyumba zenye umeme wa TANESCO zilizofunga inveta na betri, kama zilivyofanya nyingi kutokana na mgawo wa umeme wa miezi ya mwisho ya 2023, zina nafuu: inveta nyingi zinaweza kujaza betri kutoka gridi, na katika kipupwe ziachwe zifanye hivyo badala ya kungoja jua.

Televisheni ikitajwa, minong'ono husikika, na ni haki. Hakuna anayependa kuambiwa azime taarifa ya habari ndani ya nyumba yake. Lakini kalenda ya shule haikuzingatia mawingu ya Kilimanjaro. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na wa kidato cha nne Novemba. Usiku wa kujisomea wa mtoto wa darasa la saba ni usiku wa Julai na Agosti, wakati ambapo betri ya nyumbani iko dhaifu kuliko wakati wowote. Taa moja ya wati 3 kwa saa 4 hutumia wati-saa 12 tu. Televisheni ya usiku mmoja ni sawa na taa ya mtoto kwa usiku 6 na zaidi. Betri ikifa Agosti, kinachorudi mezani ni kibatari, pamoja na moshi wake machoni na hatari ya kuangukia daftari.

Anayepanga kununua ana nafasi nzuri zaidi ya kuepuka yote haya. Vifaa vingi huuzwa na kujaribiwa kiangazi, na muuzaji huonyesha taa, redio na televisheni vikiwaka pamoja chini ya jua la Februari. Mnunuzi aulize swali moja: vitawaka muda gani Julai? Vituo vya afya havinunui kwa hesabu ya Februari. Shirika la Afya Duniani hutaka jokofu la chanjo linalotumia jua liweze kutunza ubaridi kwa siku zisizopungua 3 bila kupata umeme, na paneli zake hupangwa kwa kuangalia mwezi mbaya kuliko yote. Nyumba ya mwananchi inastahili hesabu iyo hiyo, hata kama ni ya taa mbili. Paneli ya ziada kwa kawaida ni nafuu kuliko betri ya pili, na katika wingu ndiyo inayosaidia zaidi, kwani betri kubwa isiyojazwa huharibika kama ndogo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe kabla msimu haujakolea. Watu huusikiliza kwa ajili ya kahawa na mahindi, na unafaa kusikilizwa kwa ajili ya betri pia.

Limebaki suala la betri ambazo zimekwisha kufa. Nyingi hukaa nyuma ya jiko, na nyingine zimeonekana kandokando ya mifongo. Ndani yake mna risasi na asidi, na maji ya mfongo hupita kwa majirani wengi kabla ya kufika tambarare. Betri hizo zina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, jambo linalowashawishi vijana kuzipasua nyumbani ili watoe risasi. Asidi huunguza ngozi na macho, na vumbi la risasi hudhuru watoto kuliko watu wazima. Betri isipasuliwe wala kumwagwa maji yake. Isafirishwe ikiwa wima, vifuniko vikiwa vimefungwa, na irudishwe kwa muuzaji mtu anapokwenda kununua nyingine. Wapo wanaoipokea na kupunguza bei ya mpya. Swali hilo nalo liulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.